Farasi mdogo akijigaagaza: namna ya kumpangia pahala asinase, asikatike, asifie tumbo

Assalaam alaykum. Hii nnawaandikia nyie mliochukua farasi wadogo hapa Zanzibar, wale wa miezi sita mpaka miaka miwili mitatu hivi, iwe uko Nungwi au Kendwa unamkuza aje abebe wageni, iwe uko Jambiani, au uko Pemba na una mtoto wa punda tu, mana mengi humu ni yale yale. Suali linaloulizwa sana ni moja: kila nikimfungulia anajitupa chini anagaagaa miguu juu, nimkataze?

Usimkataze. Ukimkataza hapa mchana atajitupa usiku ubavuni mwa ukuta na wewe umelala. Kazi yako ni kumpangia pa kugaagaa, na kujua lini anagaagaa kwa raha na lini kwa maumivu.

HATUA YA 1: Mjue anavyogaagaa akiwa mzima

Farasi mzima ana sababu zake. Jasho la tandiko linamuwasha, manyoya ya zamani yanatoka, au katoka kuogeshwa na hautaki ule usafi wako, utamsugua mpaka ang'are na atakwenda kujipaka vumbi mbele ya macho yako, wala usikasirike, mana lile vumbi linamkinga na nzi. Zamani Unguja ilikuwa na mbung'o, na mbung'o na farasi hawakai pamoja, ila mbung'o hao walimalizwa miaka ya 90 kwa kuachiwa madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa kwa mionzi, wa mwisho akanaswa 1996. Sasa tumebaki na nzi, kupe, na usubi wa wakati wa magharibi ambao wanamfanya ajisugue shingo na shina la mkia mpaka manyoya yanatoka. Kama anagaagaa kupita kiasi na ana vipara hapo, mtazame ngozi kwanza kabla ya kumsingizia tabia mbaya.

Kaa pembeni umtazame siku kadhaa bila ya kumgusa. Anainamisha kichwa, ananusa chini, anapara mchanga kwa mguu wa mbele, anajizungusha, magoti yanakunjika, anashuka. Anagaagaa upande mmoja, pengine anapinduka moja kwa moja mpaka wa pili, pengine hawezi basi anainuka na kulala upya upande wa pili. Khalafu anakaa kidogo, ananyoosha miguu ya mbele, anajisukuma kwa ya nyuma, anasimama na anajikung'uta vumbi lote kuanzia shingoni mpaka mkiani.

Hapo pa kujikung'uta ndipo pa kukaza macho. Aliyegaagaa kwa raha anajikung'uta. Mwenye maumivu ya tumbo mara nyingi anainuka na mchanga wake mgongoni vile vile, hajikung'uti, anasimama kidogo, anageuza shingo anatazama ubavu, anapara chini, anashuka tena. Ukishaiona ile ya raha mara nyingi, siku ya maumivu utaijua hata ukiwa mbali.

Jambo jengine, nyie mliokulia na ng'ombe. Ng'ombe anainua nyuma kwanza, farasi anainua mbele kwanza. Kwa hio farasi anahitaji nafasi mbele ya kifua chake, akiwa kalala kichwa kimegusa ukuta hana pa kunyooshea miguu na hapo ndo anaanza kuhangaika.

Na kulala pia asikatazwe. Anaweza kusinzia kwa kusimama lakini ule usingizi mzito hasa anaupata akiwa chini tu, farasi mkubwa zinamtosha kama dakika 30 mpaka 60 kwa siku kwa vipande vipande, mtoto analala zaidi sana. Ukimkuta kajilaza ubavu kimya usianze kupiga kelele. Tazama mbavu, zinapanda zinashuka, muache.

Ila mtoto anaenyonya akikaa chali miguu juu na akabaki hivo hivo, huo si mchezo, mara nyingi tumbo linamuuma, pengine ana vidonda vya tumbo. Akiwa na hilo na anasaga meno, au mate yanamtoka, au kaacha ziwa na la mama limejaa linachuruzika, mpigie daktari wa mifugo saa hio hio.

HATUA YA 2: Tengeneza banda

Kunasa ni hivi. Farasi kalala karibu ya ukuta, anajipindua, miguu inakwenda upande wa ukuta, inagota, sasa hawezi kurudi alikotoka wala hawezi kuinyoosha ainuke. Ana kilo mia kadhaa na anaogopa, mana mnyama anaejiokoa kwa mbio akiona hawezi kusimama anajua keshaliwa. Anapiga mateke ukuta, anachubuka, anavunja kitu. Na akikaa sana chini uzito wake mwenyewe unabana misuli na mishipa ya upande wa chini, hata akija kuinuliwa anaweza kuwa mguu haukanyagi sawasawa. Wadogo wananasa zaidi mana hawajajua mwili wao unaishia wapi.

Ukubwa wa banda: farasi mmoja asipungue mita 3.6 kwa 3.6, mama na mtoto ongeza, angalau 3.6 kwa 4.8. Najua watu wanasema huyu bado mdogo banda dogo litamtosha. Halimtoshi. Banda dogo ndo linalonasa, mana kila anapolala yuko karibu ya ukuta.

Sakafu ya saruji ikiwa laini inateleza, ikwangue iwe na mikwaruzo au tandika mikeka mizito ya mpira, juu yake maranda ya kutosha. Maranda yanapatikana kwa mafundi seremala, mara nyengine bure ukienda na magunia yako, lakini uliza mbao ile imepigwa dawa au vipi, ya dawa usichukue, na pekua vizuri usitie misumari bandani. Mabua ya mpunga wa Cheju nayo mazuri kama makavu, yenye ukungu hapana, yanaharibu kifua. Vumbi laini la mbao linampalia, silipendi. Malalo yawe mazito kiasi ukipiga goti wewe mwenyewe husikii sakafu, na pembeni mwa kuta yapandishe kama tuta, sentimita 30 au zaidi, yashindilie. Tuta linamfanya asilale akagusana na ukuta. Halimzuii kila siku, na kama hukulishindilia kufika usiku keshalisambaza.

Kwa hio ongeza ubao. Piga ubao imara kuzunguka kuta zote kwa ndani, kama mita moja kutoka chini, utokeze sentimita tano hivi, kingo zake zipigwe randa ziwe mviringo. Kazi yake ni kwamba miguu ikigota ukutani kwato zinapata pa kukanyagia, anajisukuma mwenyewe anatoka. Ukuta mtupu wa matofali uliopigwa plasta laini hauna pa kukanyagia.

Sasa mabati. Hapa nnakaza mana kwetu kila mtu anazibia banda kwa mabati. Juu ezeka utakavyo, makuti au bati, lakini chini kwenye usawa wa miguu usieke bati hata kipande. Teke moja la farasi anaegaagaa linapenya bati, na mguu ukirudi unarudi kwenye ile ncha iliyopasuka, inamvua ngozi kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo, mfupa mweupe unauona. Weka mbao nene au matofali, na mbao ziwe kwa ndani misumari imekaa kwa nje, akizipiga teke zisibanduke. Chini ya mlango pia usiache mwanya wa ukwato kupita.

Ndoo za maji zenye mkono wa waya zitoe mkono au zifunge juu. Wavu wa majani ukiwa chini unanasa mguu, na ukiwa umejaa uko juu, ukiisha unaning'inia, kwa hio upime ukiwa mtupu.

Hatamu, ile ya kumvisha kichwani, mvue akiwa peke yake. Mtoto anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, ukwato unaingia kwenye hatamu, basi amejifunga mwenyewe. Kama lazima abaki nayo, iwe ya ngozi laini au yenye kipande dhaifu kitakachokatika, ile ya nailoni haikatiki mpaka kitu chengine kivunjike.

HATUA YA 3: Kiwanja cha nje

Tembea kiwanja chote kwa miguu, tena ukiinama. Kwenye ardhi ya uwanda, ile ya mawe ya matumbawe, kule Nungwi na Makunduchi mawe yanachomoza baada ya mvua, juzi hayakuwepo na leo yapo, na ncha zake zinakata. Yale madogo ng'oa, makubwa zungushia uzio. Chupa, vipande vya mabati, kamba za wavuvi, vyote toa. Masika yakiisha rudia tena.

Minazi. Kivuli chake kizuri na farasi atakwenda kulala pale pale. Muite mkwezi aangue nazi zote na makuti makavu, na arudi kila inapofika zamu. Nazi kavu kutoka juu kule ikimuangukia mtoto aliyelala ubavu kichwa kiko chini, huna la kufanya.

Kufunga kwa kamba kama tunavyofunga ng'ombe chini ya mti, hapana, kwa farasi mdogo hapana kabisa. Akigaagaa kamba inamzunguka kwenye kifundo cha nyuma, anastuka anavuta, inamkata mpaka kwenye nyama, na kovu lile linakaa umri wake wote. Ng'ombe akinasa anasimama anakungoja, farasi hakungoji.

Seng'enge kwa farasi si uzio. Tumia mirunda ya mvinje au mbao, ya chini kabisa isiwe juu sana, mana mtoto analala karibu ya uzio, anajipindua, anainukia upande wa pili kwa jirani, mama yuko huku anapiga kelele anataka kuruka. Ukitumia wavu, matundu yawe madogo ukwato usipite.

Pemba kuna la ziada, vilima. Farasi akilala kwenye mteremko na miguu yake ikawa upande wa juu, hawezi kuinuka mpaka ajipindue, na pengine hawezi kujipindua. Tafuta sehemu ya tambarare umpe hio, na mabondeni penye tope la masika zungushia.

HATUA YA 4: Mtengenezee pahala pake pa kugaagaa

Ukimpa pahala pazuri atapenda hapo hapo, na hii inakupunguzia nusu ya wasiwasi. Chagua pakavu, mbali na ukuta na uzio angalau mita tatu nne kila upande, pasiwe na mawe. Mraba wa mita tano kwa tano unatosha kwa farasi mmoja, wakiwa wengi engeza. Chimba kidogo, chekecha udongo utoe kokoto, jaza kichanga laini cha shamba kina kama cha shubiri moja. Mchanga wa kuchimba una taratibu zake za serikali, fuata, usiende kujichotea pwani usiku. Na wa pwani wenyewe siupendi, una chumvi na vipande vya makombe.

Mpeleke hapo baada ya kumvua tandiko au baada ya kumuosha, mfungulie, simama nje. Baada ya muda mfupi anajua mwenyewe. Wakiwa wengi watapokezana, mtoto asiwe katikati ya wakubwa mana anaweza kukanyagwa akiwa chini, atangulie yeye na mama yake.

Chakula usimpe hapo. Hili wengi wanalikosea. Waswahili tunasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini farasi akila penye mchanga anakula mchanga wenyewe, majani yakiwa chini anayaokota nao, na watoto ndo wabaya zaidi, wanalamba kila kitu. Mchanga unakaa tumboni kwa uzito wake, unakusanyika, unaziba, na hapo utamuona anagaagaa lakini si kwa raha tena. Kwa hio majani yawe kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira uliofagiwa, na maji safi yasikatike, visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, akiwa hanywi vizuri tafuta maji mengine.

Kujua kama ana mchanga fanya hivi. Chukua vinyesi vibichi kama sita vya katikati ya lundo ambavyo havijagusa ardhi, vitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonesha, mimina maji kama lita moja, pondaponda, ning'iniza mfuko kona moja iwe chini, ngoja robo saa mpaka dakika 20. Mchanga unashuka kwenye kona, ushike kwa vidole kwa nje utausikia unakwaruza. Ukiwa wa kijiko cha chai au zaidi, zungumza na daktari. Usipouona si kwamba hana, mana unaweza kuwa umelala tumboni hautoki, kwa hio rudia mara kwa mara.

HATUA YA 5: Pwani na majini

Farasi mdogo akiingia majini kina cha magoti anaanza kupiga maji kwa mguu wa mbele, kila mtu anacheka anatoa simu anapiga video. Ule ndo mwanzo wa kulala. Akipiga mara ya pili ya tatu na kichwa kimeshuka, magoti yanafuata. Muinue kichwa, mtembeze mbele haraka, usisimame nae kwenye maji ya kina hicho. Ukiwa umempanda mkubwa wake ni hivo hivo, kichwa juu, miguu yako imuambie nenda. Akikuwahi akashuka, toa miguu yako kwenye vikanyagio, ruka upande wa mgongo wake si upande wa miguu, ondoka. Tandiko likibaki mgongoni akagaagaa nalo, kiunzi cha ndani cha tandiko kinavunjika, na tandiko lililovunjika linamuumiza mgongo siku zote ukilipanda.

Kamba usijizungushie mkononi. Hata siku moja. Ishike ikiwa imekunjwa, akishuka unaiachia urefu unarudi nyuma.

Pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, maji yakikupwa vigingi vya mwani viko wazi na zile taitai zake, yaani vikamba vya kufungia mwani, ukimuachia mtoto agaagae pale atajichoma au atajifunga kamba, na kina mama wa mwani utawatilia hasara. Kaskazini kuna kamba za nanga za ngalawa, akiwa na maji ya magoti hazionekani. Kwa hio akitaka kugaagaa pwani, iwe juu kwenye mchanga mkavu uliokwishaukagua, na siku za bamvua jua maji yatakuwa wapi mkirudi.

Ukirudi nyumbani msuuze chumvi kwa maji baridi, ikikaukia ngozini inamuwasha na atagaagaa popote atakapo.

HATUA YA 6: Akishanasa ukutani

Soma hii sasa ukiwa na akili yako, usiisome siku ya siku.

Usikimbilie ndani. Simama mlangoni, sema nae kwa sauti ya chini, mwengine apige simu kwa daktari, watoto na majirani wote nje. Mara nyengine akisikia sauti anayoijua anapumzika, anajaribu mara moja zaidi na anatoka mwenyewe. Mpe dakika chache.

Akiwa hawezi, tafuta watu wawili watatu watulivu, na kamba mbili nene laini za kama mita 8. Nyembamba inakata. Mnaingia kwa upande wa mgongo, kamwe msiende kati ya miguu na ukuta, teke la farasi aliyelala lina nguvu ile ile na halikwambii linakuja. Mmoja akae mgongoni nyuma ya shingo, amfunike jicho la juu kwa kanga iliyokunjwa, na akilaze kichwa chini kwa upole, mana farasi hawezi kuinuka bila ya kuinua kichwa kwanza, kikiwa chini anatulia. Vumbi lisimuingie jicho la chini, mtandikie kitu.

Kamba moja ipitishwe kwenye mguu wa mbele na nyengine mguu wa nyuma, ile miguu ya chini iliyo karibu na sakafu, juu kidogo ya ukwato. Usiinamie kuivisha, isukume kwa fimbo ndefu au kwa fagio. Wala usipige fundo, ipitishe tu irudi, ncha zote mbili ziko mkononi mwako, ili akishageuka uachie ncha moja na kamba itoke yenyewe. Ukipiga fundo atainuka na kamba mguuni na utakuwa umeharibu zaidi.

Vuteni pamoja, polepole bila ya kustusha, kumpindua aje upande wenu. Miguu ikipita juu inashuka upande mliko nyie, na hapo ataruka kusimama mara moja bila ya kuangalia nani yuko wapi. Kwa hio kabla ya kuvuta kila mtu ajue anakimbilia wapi, na mlango uwe wazi kwa watu. Aliyeko kichwani anaondoka wa mwisho, anavuta kanga anatoka.

Usimvute kwa hatamu wala kwa mkia, shingo na uti havikuumbwa kuvutwa uzito ule. Kama banda halina nafasi hata ya nyie kusimama, mngojeeni daktari, au bomoeni upande wa mbao kuliko kumkunja.

Akisimama msimkimbize. Muacheni apumue, akishatulia mtoe nje mumtembeze, tazama kila mguu, kwato, nyonga, mdomo, pembeni mwa macho. Jeraha dogo lioshe kwa maji safi ya chumvi. Kwa saa kadhaa zinazofuata mtazame anakula, ananya, anakojoa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito misuli imeumia, mwambie daktari. Na jiulize pia kwa nini alinasa, mana pengine tumbo lilikuwa linamuuma ndo akawa anagaagaa bandani.

HATUA YA 7: Akiwa anagaagaa kwa tumbo

Dalili nishazitaja: hajikung'uti, anatazama ubavu, anapara chini, analala anainuka, anajitupa kwa nguvu, jasho bila ya kazi, hataki kula, hajanya. Ukiziona mbili tatu usingoje asubuhi.

Toa chakula chote, maji yabaki. Muweke nje kwenye mchanga laini mbali na kuta. Akiwa kalala kimya, muache alale. Akiwa anajitupa kwa nguvu, mtembeze taratibu dakika 10 au 15 apumzike, si kumzungusha usiku kucha mpaka anachoka, huko kutembezwa saa nyingi hakufungui tumbo. Kuna imani kuwa kugaagaa ndo kunakosokota utumbo, kwa hio watu wanampiga ainuke. Mara nyingi ni kinyume chake, tumbo limeshaharibika ndo anagaagaa. Unamtembeza ili asijipigize, na ukiona anataka kukuangukia, muachie, jiokoe wewe.

Usimimine mafuta kwa chupa mdomoni. Yanakwenda kwenye mapafu. Daktari ana mpira wake wa kupitisha puani mpaka tumboni na anajua kwa nini, farasi hawezi kutapika, kinachomjaa tumboni hakina njia ya kurudi. Dawa za maumivu za watu pia zisimguse, zinaficha dalili na daktari akija anamkuta mtulivu wa uongo.

Unapompigia daktari mpe hesabu. Mapigo ya moyo, weka vidole chini ya taya penye mshipa au sikiliza nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu kwa dakika: mkubwa aliyetulia 28 mpaka 44, wa mwaka mmoja 45 mpaka 60, kinyonyaji huenda 70 mpaka 120. Ukipata juu sana ya hapo na hajakimbia, hio ni dharura. Joto la mkubwa 37.2 mpaka 38.3, mtoto anaweza kufika 38.9. Fizi: bonyeza kwa kidole pawe peupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyekundu sana, za zambarau au nyeupe, sema hivo hivo. Mwambie lini kanya mara ya mwisho na kala nini. Nambari ya daktari iandikwe kwa rangi kwenye mlango wa banda, usitegemee simu yako iliyokwisha chaji, na kama huna daktari bado, ulizia idara ya mifugo Maruhubi, au kwa bwana mifugo wa wilaya yako, kabla ya kuwa na shida.

Na chanjo ya pepopunda. Farasi ni katika wanyama wanaoshikwa kirahisi sana na ugonjwa huu, na kila nilichokitaja humu, jiwe la uwanda, msumari, bati, ndo mlango wake. Mtoto wa mama aliyechanjwa anaanza akiwa miezi minne mpaka sita, dozi ya pili wiki nne mpaka sita baadae, khalafu daktari atakupangia. Mtoto aliyezaliwa karibuni kitovu chake kitiwe dawa na malalo yawe safi makavu, mana analala na kugaagaa juu yake na kitovu bado kibichi.

Wenye punda, hili ni lenu. Punda anaficha maumivu. Farasi mwenye tumbo anajitupa kila mtu anaona, punda anasimama pembeni, masikio yamelegea, hali, basi, na wengi wanasema leo kavivu tu wanamfunga gari. Punda akianza kugaagaa kwa maumivu hali yake ishakuwa mbaya sana, kwa hio kwake usingoje kumuona chini. Akikataa chakula na kasimama kimya peke yake, mpime moyo na joto na upige simu.